Sahani za Watu

Mama alipofariki, kupanga vyombo vyake kulinifikia mimi. Arobaini imekwisha, wageni wameondoka, dada yangu yuko sebuleni anakunja kanga za marehemu, na mimi nimefungua kabati la jikoni, nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Natoa sahani mojamoja. Hii yetu. Hii yetu. Hii bibi alimwachia mama. Halafu nikakuta sahani sita ambazo sikuzijua.

Nikazipindua. Kila moja ilikuwa na alama chini, imewekwa kwa rangi ya kucha, kama wanawake wa mitaa yetu wanavyofanya ili vyombo visipotee shughulini. Moja ina nukta mbili nyekundu. Moja ina herufi M. Nyingine ina kamstari ka zambarau kalikokwanguka nusu.

Zilikuwa sahani za watu. Mama alipokuwa anaumwa majirani walimletea chakula, akala, akaziosha, akaziweka kabatini. Asiyelelewa na desturi hii atauliza kwa nini hakumtuma mtoto azirudishe. Hakumtuma kwa sababu chombo hakirudi kitupu. Ukiletewa katlesi tatu, sahani inarudi na ndimu, au kikombe cha sukari, au kipande cha boga, na kama siku ni ngumu, basi hata majani ya mchaichai uliyochuma uani. Mama miezi ile hakuwa na la kutia. Akaona heri sahani zikae zimsubiri apone.

Nilikaa chini palepale jikoni nikalia, na nadhani nililia kuliko siku ya maziko. Dada akaja akaziona, akaelewa bila kuambiwa. Akasema, "Basi tupike."

Tukapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, tukapakua kwenye zile sahani sita, tukafunika, tukatoka kuwatafuta wenyewe. Tano zilipata wenyewe upesi. Ya nukta mbili ilitupeleka Barabara ya 12, kwa bibi mmoja ambaye sote tulimjua na hakuna aliyekuwa amejiuliza yuko wapi.

"Hodi!"

"Karibu. Sukuma tu, mlango sijaufunga."

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, mguu mmoja kaunyoosha juu ya mto. Aliteleza uani, nyonga ikaumia, na tangu siku hiyo hajavuka kizingiti. Mwezi wa nne huo. Alimpelekea mama uji mwanzoni mwa ugonjwa, yeye mwenyewe kwa miguu yake, kisha akaanguka. Anaishi na mjukuu wake, kijana wa bodaboda, anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Asubuhi humwachia chupa ya chai na mkate wa kununua. Ni kijana mwema, asieleweke vibaya. Ni kwamba asiposhinda barabarani, hata huo mkate haupo.

Bibi aliitazama sahani kabla hajatutazama sisi. "Sahani yangu imerudi," akasema. Akala mbele yetu, polepole, akiuchambua wali kwa vidole kama mtu anayehesabu. Alipofika nusu akafunika. "Hii ya usiku."

Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Kesho yake dada alipika tena, na mimi nikapeleka tena. Huu ni mwaka wa tatu.

*

Watu wananiuliza tulianzishaje, kana kwamba kulikuwa na kikao. Hakukuwa na kikao. Nilimwambia jirani wa kulia, dada akamwambia mwenzake wa kwaya, na yule wa kwaya akamwambia mama mmoja wa madrasa. Balozi wetu wa nyumba kumi akazunguka na daftari, akatuletea majina ya wazee wasiotoka: mwenye miguu iliyovimba, mwenye macho yaliyokwisha, aliyepooza upande, na wale ambao hawana ugonjwa wenye jina, nguvu tu zimewaishia. Leo tuna wazee 11. Sisi wapishi na wapelekaji tuko 14, tunakwenda kwa zamu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine hatujaziweza. Fedha tunachanga kwa simu kila mwisho wa mwezi. Anayekosa fedha analeta nazi, na anayekosa nazi anakuja kuikuna.

Kumpikia mzee si kupika chakula cha kawaida kisha ukakipunguza. Tulidhani hivyo, tukakosea wiki nyingi. Maharage lazima yalale majini usiku kucha na yapikwe hadi yapondeke kwa ulimi, maana nusu ya watu wetu hawana meno. Samaki tunanunua Deep Sea mapema, na baada ya kuiva wanakaa watu wawili mkekani kumchambua, mwiba kwa mwiba, kwa vidole. Changu mmoja ana miiba ya kumtosha shetani. Wenye presha tunawapunguzia chumvi, tunaongeza ndimu, kitunguu saumu na tangawizi ili ulimi usione umedhulumiwa. Wenye kisukari wali wao ni kidogo, mboga nyingi. Na nazi, jambo nililolielewa kwa aibu, si ya kila mtu. Mzee anakula nusu anafunika nusu. Kwa joto la Tanga, mchuzi wa nazi uliopakuliwa saa saba mchana, jioni umechacha. Tulikuja kujua baada ya bibi mmoja kuharisha siku mbili. Sasa anayehifadhi tunampikia kwa mafuta, anayemaliza tunampikia kwa nazi, na mpelekaji lazima ajue nani ni nani.

Jambo jingine lazima alijue: aliyepika. Bibi wa nukta mbili haonji kitu kabla hajauliza, "Leo nani kapika?" Mwanzoni nilimjibu, "Sisi, bibi." Akaweka kijiko chini. "Sisi hapiki. Anapika mtu." Nikamtajia jina, akauliza ni mtoto wa nani, nikamweleza, akakumbuka harusi ya mama yake huyo mpishi, na ndipo akala. Kuna watakaosema ni hofu ya uchawi. Pengine kwa wengine. Kwa huyu niliyemwona mimi, alitaka kujua amshukuru nani. Tangu hapo hatubebi chakula kisicho na mwenyewe. Nikifika mlangoni, baada ya shikamoo, jina la mpishi ndilo la kwanza kutoka kinywani.

*

Sasa niseme kosa letu kubwa, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae niandike.

Mwaka wa kwanza ulipofika katikati tulichoka na sahani. Kuzibeba kwenye baiskeli ni kazi, kuzikusanya ni kazi, nyingine zinapotea, nyingine zinavunjika. Mwenzetu mmoja akaleta wazo la visahani vya foili vya kutupa, vile vya kufungia chakula cha shughuli. Vina mifuniko, vinapangika vizuri, mzee akimaliza anatupa. Wote tukaafiki, na mimi ndiye niliyeafiki kwa sauti zaidi. Tulijiambia pia kwamba tunawahurumia: wenye miguu mibovu wasisumbuke kuosha.

Mwezi ule chakula kilianza kurudi. Hakikurudi kwa kelele. Mmoja alisema hana hamu. Mwingine alisema kala asubuhi, nami najua hakula. Bibi wa nukta mbili aliniuliza, "Kuna msiba wapi?" Nikashangaa. Akakigusa kile kisahani kwa kucha, kikalia kama karatasi. "Hivi ni vya msibani. Unapewa, unakwenda zako, hakuna anayekutegemea kurudi."

Kwa Babu ndiko mambo yalikokuwa mazito zaidi. Nikimwita Babu msidhani ni wa damu. Ni Muha wa Kasulu, kwenye chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, na hana mtu wa damu karibu zaidi ya Kigoma. Siku nilipompelekea kwa foili kwa mara ya tatu, alinisikiliza hodi yangu hadi mwisho, akanijibu salamu, kisha akasema bila ukali wowote, "Mjukuu wangu, wapelekee wenye shida."

Nami nikasimama na kile kisahani mkononi, nikitazama chumba kilichokuwa na kitanda, ndoo, na jiko la mkaa lisilokuwa na hata jivu.

Kumwelewa Babu inabidi kuijua Tanga. Wageni huona mji wa baiskeli na machungwa. Mji huu ulijengwa na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliingiza miche kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaenea mashamba hadi upeo wa macho, Muheza, Korogwe, Pangani, na kufikia 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, ya kwanza duniani. Watu wa hapa pwani hawakutaka kuukata. Walijua miiba yake. Kwa hiyo wakaletwa watu wa mbali, Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, Warundi. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua tangu 1944, watu wakiiita SILABU. Kila kibarua alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na jina hilo likawa tusi ambalo watoto wa mjini waliwaimbia barabarani.

Babu alikuja kijana, treni kutoka Kigoma, kisha lori. Anakumbuka kipande chake, kile kikadi cha siku 30 za kazi ambacho usipokijaza hukupata mshahara kamili. Anakumbuka tita la majani 30. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na ncha ya jani la mkonge, kama wenzake kadhaa. Alikusudia kukaa miaka miwili apate mahari. Mwaka 1967 mashamba yakataifishwa, kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ya katani ikaporomoka, na shamba lake likawa pori huku yeye yuko ndani yake. Aliona aibu kurudi Kasulu mikono mitupu. Mke aliyempata huku alifariki, hawakujaliwa mtoto.

Mtu huyo, aliyeishi kwa namba tangu ujana, ndiye niliyempelekea chakula ambacho hakikuwa na sahani ya kurudisha.

Hilo sikulijua siku hiyo. Siku hiyo niliona kiburi, nikaondoka nimeudhika.

*

Kilichotuokoa ni mpira wa baiskeli.

Hotpoti zangu nilikuwa nazifunga kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, kama kila mtu hapa Tanga. Jumanne moja, nyuma ya soko la Mgandini, gurudumu likaingia shimoni, mpira ukakatika, hotpoti moja ikaruka. Maharage yote barabarani. Nikaokota hotpoti, nikaifuta kwa kanga, nikakishika kilichobaki kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine, nikamaliza mzunguko hivyo. Kwa Babu nilipita kumsalimu tu, maana nilishakata tamaa ya kumpa.

Akaniona nimeikumbatia hotpoti. "Unafungia nini?"

"Mpira, Babu. Umekatika."

"Mpira!" Alilitamka kama mtu aliyetajiwa adui. Akajiinua kwa mkongojo, akatoka hadi mlangoni, akaigusa keria ya baiskeli, akapima kwa shubiri zake urefu na upana, midomo ikitembea. "Alhamisi nenda kaniletee katani. Kiasi cha mkono. Usiniletee iliyochafuka."

Nilimletea. Alikaa kwenye kigoda, akakunja msuli juu ya goti, akazichukua nyuzi mafungu mawili, akaanza kusokotea pajani. Kiganja kinakwenda mbele, nyuzi zinajiviringa kila moja kivyake. Kiganja kinarudi nyuma, mafungu mawili yanaumana kuwa kamba moja. Akifika mwisho wa nyuzi anaingiza nyingine katikati, na ukitafuta kiungo hukioni. Hakutazama kazi hata mara moja. Jicho lake lililobaki lilikuwa linanitazama mimi, akinieleza namna katani nzuri inavyopigwa jua, na kwamba kamba ya kweli hulia kidogo inapokazwa, kisha inanyamaza.

Ilipokwisha akaifunga mwenyewe kwenye keria, kwa fundo ambalo linafunguka kwa kuvuta ncha moja tu. Akaitikisa baiskeli nzima. Hotpoti haikusogea.

"Leo kapika nani?" akauliza.

Nikamtajia. Akala.

Nilipomsimulia dada usiku ule, alinyamaza kwa muda, kisha akaenda kabatini, akatoa zile sahani za kwetu zote zilizobaki za mama, akazipanga mezani. Akachukua rangi ya kucha. Wiki ile tukaacha foili. Kila mzee akawa na sahani zake mbili: moja iko kwake, moja iko kwetu, yenye alama yake. Unapeleka iliyojaa, unachukua iliyoko kwake.

Na sahani zikaanza kurudi kama zinavyopaswa kurudi. Bibi wa Barabara ya 12 anatia ndimu, kutoka mti ulio uani kwake, mjukuu humchumia. Mmoja anatia kishada cha mrehani. Mzee mmoja aliyekuwa karani bandarini anakunja kipande cha gazeti lenye habari anayotaka tuisome, na tukirudi anatuuliza kama tumeisoma. Kuna mwenye sahani inayorudi haina kitu, imeoshwa tu, inang'aa hadi chini ya ukingo. Huyo nilikuwa namzuia kuosha. Nilimwambia kwa upole, "Acha, bibi, tutaosha wenyewe, pumzisha mikono." Ana baridi yabisi, vidole vimepinda. Aliniangalia akasema, "Na mimi nifanye nini?" Sijamzuia tena. Inamchukua nusu saa kuosha sahani moja, na nusu saa hiyo ni yake.

*

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Minneapolis, na siku zake za mapumziko hupelekea wazee chakula kwa gari. Kule kazi hii ina historia ndefu. Ilianzia Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akina mama wa kujitolea wakipeleka chakula cha moto kwa wasioweza kutoka, ikavuka bahari hadi Philadelphia mwaka 1954, wakaiita Meals on Wheels. Tangu 1972 serikali kuu ya Marekani inatia fedha zake katika chakula cha wazee wa miaka 60 na zaidi, na mlo mmoja unapaswa kubeba theluthi ya lishe ya siku nzima. Ana vitu vingi ninavyovitamani. Orodha iliyochapwa. Mfuko wa vya moto na mfuko wa vya baridi. Sanduku la vyakula vya makopo ambalo mzee hupewa kabla ya theluji kufunga barabara. Na sharti ambalo tumeliiga neno kwa neno: usiache chakula mlangoni, mtu asipofungua, piga simu, huondoki hadi ajulikane alipo.

Lakini aliniambia pia kwamba kwa ofisi yake mpelekaji haruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa mzee. Nalielewa sharti hilo. Limewekwa ili mzee asijione analazimika kutoa, na asitokee wa kumnyonya. Kuna bibi kwenye njia yake aliyemfumia kitambaa cha shingo, akakikataa kwa adabu zote. "Alitabasamu," ndugu yangu akaniambia kwenye simu, "lakini tangu siku hiyo mlango anaufungua nusu." Nilimsimulia habari ya kamba. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Mwezi uliofuata akaniambia amepata njia. Amemwomba bibi yule amfundishe kufuma. Dakika tatu kila Jumatano, mlangoni, amesimama. Kufundishwa hakujakatazwa popote.

*

Sipendi kuandika kana kwamba sahani inatosha. Sahani hukufikisha ndani, na ukiwa ndani unaona.

Mama mmoja wa Barabara ya 9 alianza kuchanganyikiwa, anamwita mpelekaji kwa jina la marehemu dada yake. Midomo imepasuka. Tukadhani ni uzee. Mwuguzi wa zahanati, ambaye ni mwenzetu wa zamu, alipoifinya ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama. Hana maji mwilini. Tukaanza kumletea maji, juisi ya ukwaju, madafu. Hanywi. Analowesha midomo anaweka. Ilichukua siku kadhaa na mtu mmoja mwanamke, peke yake, kumfikisha mahali pa kusema: "Nikinywa nitataka kwenda chooni. Choo kiko uani. Usiku hakuna taa. Mwenzangu wa Barabara ya 12 alivunjika nyonga wapi?"

Alikuwa amepiga hesabu zake sawasawa, akachagua kiu.

Tukampelekea fundi kiti cha plastiki. Akatoboa tundu katikati ya kikalio, akalisugua ukingo usikwaruze, akaweka fremu ya mbao chini ya kubeba ndoo yenye mfuniko. Akakataa malipo, akasema mama huyu alimuuzia vitumbua utotoni na kumzidishia. Kiti kikakaa pembeni ya kitanda, kikafunikwa kanga nzuri ili mgeni asikijue. Siku ya tatu alikunywa dafu zima mbele yangu. Baada ya wiki aliniita kwa jina langu.

Sera ya Taifa ya Wazee, ya mwaka 2003, ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo yake. Sina ugomvi na hilo. Mama yangu alitunzwa na familia. Ila Babu familia yake ni ipi? Ndugu zetu wa Zanzibar wameanza tangu Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi, ilipoanza ilikuwa shilingi 20,000, bila kumuuliza alifanya kazi wapi wala ana watoto wangapi. Huku bara bado hatujafika hapo, na mimi natamani tufike, nalisema kila ninapopewa nafasi kwenye mkutano wa mtaa. Mtu aliyekata mkonge uliojenga nchi astahili shilingi ambazo hazimtaki asokote kamba kwanza. Kamba atasokota akipenda.

*

Bibi wa nukta mbili alifariki mwaka jana, wiki mbili baada ya Idi. Jumamosi yake ya mwisho alikula bokoboko, akauliza kapika nani, akanirekebisha ukoo wa mpishi. Kwenye sahani akatia ndimu nne. Dada alizikamua, akashindwa kuzitumia, tukazichemsha na asali tukanywa wenyewe.

Baada ya arobaini mjukuu wake, yule wa bodaboda, alikuja na sahani yetu iliyokuwa imebaki kwake. Alikuwa ameinunulia nyanya, akaona haitoshi, akaongeza vitunguu. Alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki kwapani. Akasema, "Shikamoo dada. Nilikuwa namwachia mkate." Nikamwambia bibi yako alikuwa akituambia habari za huo mkate kila siku, kwamba mjukuu wangu hajawahi kutoka bila kuniachia. Ni kweli, alikuwa akisema. Kijana akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akauliza kama tuna zamu ya mtu mwenye pikipiki.

Anaanza Alhamisi. Tutampa wazee wanne wa upande wa Mikanjuni, ambako baiskeli inatuchosha.

Jana nilimweleza Babu. Nilidhani atafurahi tu, lakini aliwaza hadi chai ikapoa. Siku hizi jicho lililobaki nalo lina ukungu, kazi yote anafanya kwa kugusa. Akataka kujua keria ya pikipiki ni ya bomba au ya bati, na upana wake. Sikuwa najua. Akasema nimwambie kijana aje mwenyewe na chombo chake, apimwe, asitumiwe mtu.

"Pikipiki inatikisa kuliko baiskeli," akasema, huku ameshakunja msuli juu ya goti na mikononi hana kitu. "Hiyo inataka mafungu matatu."